Heri Niitwe Mkatili

Katika kiwanda cha mbao cha Tarlochan Singh, mjini Kitale, wafanyakazi hawakukubaliana juu ya jambo lolote isipokuwa moja: nyapara wao, Wakhungu, alikuwa mtu mbaya. Waliotoka Bungoma walisema hivyo, na waliotoka upande wa mlimani walisema hivyo pia. Aliingia kazini asubuhi akifoka, akaendelea kufoka mpaka saa ya chai, na ukimfuata kumweleza shida yako, alikuwa amekwisha kugeuka na kwenda zake kabla hujafika nusu ya maneno yako.

"Huyo si mtu," walisema. "Huyo ni honi ya lori."

Hakuwa hivyo alipoanza. Alikuja Kitale kutoka Kanduyi akiwa kijana, miaka ya sabini, akapewa kazi ya kupokea mbao zinapotoka kwenye msumeno mkubwa wa duara. Alikuwa mcheshi, na alikuwa na sikio zuri. Msumeno ukianza kupoteza makali, yeye ndiye aliyetangulia kuusikia ukibadilisha sauti. Tarlochan, aliyezaliwa papo hapo Kitale na kurithi kiwanda kwa baba yake, akampenda. Mwaka 1984 akamfanya nyapara.

Msumeno uleule uliompa cheo ndio uliokuwa ukiyamaliza masikio yake. Alikuwa amesimama karibu nao kutwa nzima, mwaka baada ya mwaka, bila kitu chochote masikioni. Siku moja Tarlochan alileta vizibo vya masikio kutoka Nairobi. Wafanyakazi walivicheka, wakavitia mfukoni kwenda kuwapa watoto wachezee nyumbani, na hakuna aliyevizungumzia tena.

Kwanza zilipotea sauti nyembamba: ndege, kengele ya baiskeli, maji yakichemka. Kisha zikapotea sauti za watoto. Kisha ya mkewe, Nekesa. Sauti nene za wanaume zilidumu zaidi, lakini zilimfikia zikiwa zimekatikakatika, kama redio yenye betri zilizochoka. Wakhungu alijua. Lakini alijua na jambo jingine. Hapo kiwandani kulikuwa na mzee aliyeendesha winchi ya kuvuta magogo, na masikio yake yalipokufa alipewa blanketi na mkono wa kwaheri. Kiziwi hawekwi karibu na mashine. Wakhungu mwenyewe ndiye aliyempelekea yule mzee habari.

Basi akatafuta njia yake. Mtu asiyesikia akiulizwa swali atajulikana mara moja, lakini mtu anayefoka haulizwi maswali. Akawa anaongea yeye kwanza, anatoa amri, anaondoka. Anayemfuata nyuma anakemewa: "Nimesema nimemaliza!" Na alipoona midomo ya mtu inacheza na hana pa kukimbilia, alikuwa na majibu yake ya akiba. "Sawa." "Tutaona." "Rudi kazini."

Ndivyo alivyomkosea Barasa, msukuma magogo, mtu mtulivu, wa Bungoma kama yeye. Asubuhi moja ya mwaka 1989 Barasa alimfuata karibu na rundo la magogo, kofia mkononi, injini ikinguruma nyuma yao.

"Nyapara, nimeletewa habari kutoka nyumbani. Mama amefariki jana."

Wakhungu aliiona midomo. Aliiona na kofia, akadhani mtu huyu anaomba tena kubadilishwa kazi, kama alivyoomba juma lililopita.

"Sawa," akasema. "Hiyo ni vizuri. Rudi kazini."

Barasa alibaki amesimama. "Umesema nini?"

Wakhungu alikuwa amekwisha kugeuka.

Barasa hakurudi kazini. Aliondoka na nguo zake za kazi akaenda kumzika mama yake, na aliporudi aliingia ofisini kwa Tarlochan akamweleza. Tarlochan alikuwa na simu sikioni na mteja mlangoni. "Mambo ya nyapara ongea na nyapara," akamwambia. "Mimi nikiingilia kila kitu, nyapara nimemwandika wa nini?" Barasa akatoka. Tangu siku hiyo hakumwita Wakhungu kwa jina wala kwa cheo.

Wakhungu aliujua ukweli alipoona Barasa amenyoa kichwa, akamuuliza mtu. Alisimama akakitazama kile kichwa. Kuomba msamaha kungemlazimu aeleze, na kueleza kungemtoa kazini. Akamfokea mtu mwingine aliyekuwa karibu.

Nyumbani mambo hayakuwa afadhali. Walikuwa wamepanga Kiminini pamoja na binti yao Nasimiyu, vyumba viwili nyuma ya maduka, na Nekesa alishona nguo kwa cherehani yake barazani. Alikuwa mwanamke wa kusema analofikiri, na zamani mumewe alimpendea hilo. Sasa kila alichosema kilipokewa kwa "sawa" au kwa hasira.

"Baba Nasimiyu, mwalimu mkuu anataka kutuona juu ya mtoto."

"Sawa."

"Ni kesho."

"Sawa."

Kesho yake hakwenda. Nekesa alipomuuliza, alipandwa na hasira. "Hukuniambia! Wewe siku hizi unanong'ona kama mchawi. Mtu akitaka kuniambia kitu afungue mdomo, bana!"

Iliendelea hivyo. Nekesa akaamini mumewe ana mwanamke mwingine mjini, kwa maana hakuona sababu nyingine ya mtu kuishi nawe nyumba moja asijali hata neno lako moja. Mwaka 1991 hasira zilimfika kooni, akanyamaza. Aliazimia kutosema chochote mpaka mumewe amuulize kulikoni. Alimwekea chakula mezani bila kusema karibu. Alimpokea koti lililolowa mvua bila kusema pole. Alikanyaga cherehani yake kwa kishindo, akingoja.

Juma la kwanza likapita. La pili likapita. Wakhungu alikula, akasimulia habari za kiwanda, akacheka mwenyewe, akaenda zake kulala. Jumapili, wakijiandaa kwenda kanisani, akamwambia mkewe kwa uso mkunjufu:

"Mama Nasimiyu, siku hizi nyumba hii ina amani. Hata hatugombani."

Nekesa aliacha kufunga kitambaa cha kichwa, akamtazama.

Alasiri hiyo Wakhungu aliketi nje kwenye kigoda akipaka viatu rangi, mgongo akiwa ameupa mlango. Nekesa akaja akasimama nyuma yake, karibu ya kumgusa.

"Baba Nasimiyu," akasema. Burashi ikaendelea.

"Wewe ni mpumbavu," akasema kwa sauti ya kawaida kabisa. Burashi ikaendelea.

Akamtukania mama yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe, na ambalo lingemwinua mwanamume yeyote wa Kibukusu hata kama ni mgonjwa. Wakhungu alikitemea kiatu mate, akakisugua.

Nekesa hakumwonea huruma, si siku hiyo. Kilichompanda kilikuwa ghadhabu. Akazunguka akasimama mbele yake.

"Husikii."

"Nini?"

"Husikii! Tangu lini?"

Wakhungu alitazama huku na huku kama mtu aliyeshikwa na kuku wa wenyewe. Akainuka, akamvuta mkewe ndani, akafunga mlango.

"Nani amekuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Nimekaa wiki mbili bila kuongea na wewe na hata hukujua! Miaka yote hii naongea na ukuta, na ukuta wenyewe unajua kwamba ni ukuta!"

Akimkazia macho midomoni, Wakhungu alipata yaliyomtosha.

"Ukimwambia mtu," akasema, "hata mmoja, nakurudisha kwenu. Nikitolewa pale kiwandani tutakula nini? Unga wa mbao?"

"Watu wanakuchukia. Sokoni mimi naitwa bibi ya honi."

"Wanichukie! Nyapara hata awe malaika atachukiwa. Heri niitwe mkatili kuliko niitwe kiziwi. Mkatili bado yuko kazini."

Nekesa akanyamaza tena, safari hii kwa woga.

Mwanzoni mwa 1992 hewa ya Kitale ilikuwa mbaya. Kulikuwa na vita vya makabila upande wa mlimani. Nyumba zilikuwa zimechomwa, na familia zilishuka na magodoro vichwani kuja kulala kwenye nyua za makanisa. Kiwandani, watu waliokuwa wakinywa chai ya sufuria moja sasa walijitenga, Wabukusu wa Bungoma huku na Wasabaot wa mlimani kule. Mtu wa kundi lile akipita, wa kundi hili walinyamaza.

Kimeli alikuwa Msabaot, mkataji hodari, mtu asiyekubali kuonewa. Alikuwa amemwomba Wakhungu mara nyingi sehemu ya chini ya msumeno itengenezwe, maana vipande vya mti vilikuwa vikikwama pale. Kila mara alijibiwa "tutaona." Siku moja akachoka, akamwambia mbele ya watu wote:

"Wewe hutaki kutusikia sisi kwa sababu sisi si watu wa kwenu."

Wakhungu alinasa neno la mwisho tu. Akalidaka na kulirusha.

"Basi rudi kwenu!"

Mwezi ule hakuna neno ambalo lingeweza kuwa baya kuliko hilo. Wasabaot walitazamana. Baadaye Wabukusu wengine walimpitia Wakhungu wakampiga mgongoni, wakimwambia amesema vizuri, na yeye akaitikia kwa kichwa bila kujua anapongezwa kwa lipi.

Siku chache baadaye kipande cha mti kilikwama chini ya msumeno. Desturi ya kazi ilikuwa hivi: injini huachwa ikinguruma, lakini mkanda unaozungusha msumeno hutolewa kwa fimbo ya chuma, na fimbo hiyo hushikwa na nyapara. Mtu anainama, anatoa kilichokwama. Nyapara anauliza, "Tayari?" Akijibiwa tayari, anairudisha fimbo na msumeno unazunguka. Akijibiwa bado, anangoja.

Kimeli aliinama, mkono wa kushoto ukiwa chini ya meno ya msumeno. Kutoka aliposimama, Wakhungu aliona mgongo wake tu.

"Tayari?" akauliza.

"Bado!"

Watu wote walilisikia. Wakhungu naye alisikia kitu, sauti ya mtu akijibu, na mgongo wa Kimeli ukasogea kama wa mtu anayetaka kuinuka. Akaisukuma fimbo.

Yowe lililofuata, hilo Wakhungu alilisikia.

Barasa alivua shati lake wakaufunga mkono, na Tarlochan mwenyewe akaendesha pikapu kumpeleka Kimeli hospitali. Vidole vitatu vilikuwa vimekwenda. Injini ikazimwa, na watu wakamzunguka Wakhungu.

"Amesema bado," mmoja akamwambia. "Wote tumesikia. Si amesema bado?"

Sasa aliweza kuliona vizuri. Kila mdomo uliokuwa mbele yake ulikuwa ukilitamka neno lile lile: bado, bado, bado. Alikuwa na nafasi ya kusema ukweli, na watu wote walikuwa wakimngoja.

"Nilimwambia atoke," akasema. "Hakutoka."

Wasabaot waliokuwapo waliweka zana zao chini wakatoka langoni pamoja. Hawakutukana, hawakukimbia. Barasa aliwaangalia wakienda, akasema, "Sasa tumekwisha."

Kesho yake asubuhi Kipsang, kaka mkubwa wa Kimeli, alifika langoni na wanaume wengi. Baadhi walikuwa na marungu. Ndani ya ua, Wabukusu waliokota vipande vya mbao wakasimama nyuma ya Wakhungu. Yule waliyekuwa hawamwamkii jana, leo alikuwa mtu wao, na yeye alisimama mbele yao kifua wazi, akiwa hajui nusu ya yaliyokuwa yakisemwa. Tarlochan alikuwa amesimama kati ya makundi mawili, kilemba kimelegea, amepiga simu polisi na polisi hawajafika.

"Atuambie mwenyewe," Kipsang akasema. "Alimwambia ndugu yangu arudi kwao. Kisha akamkata. Aseme ni nani amemtuma."

"Nilimwambia atoke," Wakhungu akarudia. "Hakutoka."

"Uongo! Watu wote walisikia!"

Wakati huo Nekesa alikuwa akiingia kwa mlango wa nyuma, ule wa kutolea unga wa mbao. Habari alizipata Kiminini alfajiri, kwa wanawake waliokuwa wakisema kwamba nyapara yule akiachwa, nyumba zitachomwa tena, na safari hii za pande zote. Aliiacha cherehani ikiwa na nguo ya mteja katikati ya mshono. Sasa alipita kati ya marundo ya mbao, akatokea nyuma ya mumewe. Tarlochan alimwona akafungua mdomo. Nekesa akamwinulia kiganja: nyamaza.

"Wakhungu!" akaita.

Hakuwahi kumwita hivyo mbele ya watu. Wanaume wote waligeuka kumtazama. Wakhungu hakugeuka.

"Wewe Wakhungu! Nyumba yako inaungua! Nasimiyu yuko ndani!"

Barasa aliangusha ubao aliokuwa ameushika. Langoni mtu aliguna. Wakhungu aliendelea kumkazia Kipsang macho, kidevu juu, akingoja ajibiwe. Ndipo alipotambua kwamba Kipsang hamtazami tena yeye. Hakuna aliyemtazama. Macho yote yalikuwa yakiangalia kitu nyuma ya bega lake. Katika ua mzima, yeye ndiye aliyegeuka wa mwisho.

"Hasikii," Nekesa akawaambia. Sauti yake ilifika hadi langoni. "Ni miaka mingi hasikii. Kimeli aliposema bado, hakusikia. Barasa, mama yako alipofariki, hakusikia. Hakuna aliyemtuma. Ni kiziwi, na ni mwongo, na mimi nimemsaidia kudanganya. Mkitaka kumpiga, mpigeni kwa hayo."

Wakhungu alikuwa akiitazama midomo ya mkewe. Neno kiziwi alilijua vizuri umbo lake. Alimpiga kofi mbele ya watu wote. Nekesa aliyumba, akasimama palepale. Kofi la pili halikufika kwa sababu Barasa aliudaka mkono, akaushikilia kwa nguvu mpaka Wakhungu akalegea.

Kipsang alitema mate chini.

"Kwa hivyo ndugu yangu amekatwa kwa sababu mtu aliona haya?" akauliza.

Akageuka na watu wake wakamfuata. Hawakuwa wamesamehe. Walikuwa tu wamemkosa adui waliyekuja kumtafuta, na aliyebaki mbele yao hakuwa mtu wa kupigwa marungu.

Wakhungu alifutwa kazi siku hiyohiyo. Tarlochan alimwita ofisini, akafunga dirisha ili kelele zisiingie, akaongea polepole akimtazama. "Ungeniambia. Ningekupa kazi ya stoo. Ningekupa kazi ya lango. Kwa nini hukuniambia?"

"Yule mzee wa winchi ulimpa lango?" Wakhungu akamuuliza.

Barasa, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaongeza lake: "Mimi nilikuja kukuambia kuna shida, Bwana Tarlochan. Uliniambia niongee na nyapara." Tarlochan akamwambia atoke nje. Kisha akasema, akitazama meza, kwamba na yeye ana makosa yake. Lakini aliyasema akiwa ameinamisha uso, na Wakhungu hakuyapata.

Kabla ya kuhama Kitale, Wakhungu alikwenda hospitali kumwona Kimeli. Alimkuta ameketi kitandani, mkono umefungwa hadi kwenye kiwiko. Alisimama miguuni pa kitanda, akasema jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu: "Ongea polepole. Nauona mdomo."

Kimeli akaongea akipanua midomo, kama mtu anayemdhihaki mtoto.

"Ungesema tu. Ningekuonyesha kwa mkono." Akauinua mkono wake mzima, kiganja wazi: ngoja. "Hivi. Basi. Hivi tu."

Wakhungu akaanza kusema pole. Kimeli akajilaza, akaugeukia ukuta. Mabega yake yalionyesha kwamba anaendelea kuongea, lakini alichosema, Wakhungu hakukijua siku hiyo wala baadaye.

Walirudi Bungoma, kwenye kipande cha shamba alichoachiwa na baba yake pale Kanduyi. Nekesa alikwenda naye, ingawa dada zake walimwambia asiende. Alilala nyumba ya jikoni. Kofi lile alilibeba, na mumewe alibeba neno lile. Zaidi ya mwaka mmoja Wakhungu hakumtazama mkewe usoni, na kwa mtu asiyesikia, kutomtazama mwenzake ni kumziba mdomo kabisa. Nekesa alishona, akauza, akamlipia Nasimiyu shule, na alipokuwa na jambo la lazima alilituma kwa binti.

Wakhungu alianza kuuza mbao kando ya barabara. Kazi aliijua, ila wateja walimshinda. Mtu aliagiza mbao nyembamba akapewa nene, akagomba, naye akagomba zaidi. Jina lake la Kitale lilimfuata mpaka hapo. Alitaka kurudia mbinu zake za zamani, lakini kiwandani alikuwa nyapara na watu hawakuwa na pa kwenda. Hapa, aliyefokewa alivuka barabara akanunua kwa jirani.

Mwaka 1995 Nekesa alisimama mbele yake, akamzibia njia, akamwambia kwa ishara na kwa midomo: twende Lugulu, hospitali ya misheni. Alikwenda kwa ubishi, akinung'unika njia nzima. Walimpima, wakamwambia masikio yaliyouawa na kelele hayafufuki, wakampa kifaa cha kusikilizia kilichotumiwa na mtu mwingine kabla yake. Kilipiga filimbi sikioni na kumletea kishindo cha kila sufuria, lakini kilimrudishia maneno kidogo. Miongoni mwa aliyoyasikia ya kwanza ni vijana wawili waliokuwa wakipita kwenye mbao zake. "Si huyu ndiye alikata mtu Kitale?" mmoja akauliza. Mwingine akacheka.

Alikitoa kifaa akakitia mfukoni. Asubuhi iliyofuata alikivaa tena.

Na siku hiyo mteja mmoja alipokuwa akiagiza huku ameangalia upande wa barabara, Wakhungu akamwambia, "Geuka. Mimi sisikii. Niangalie ukiongea." Mteja akasonya, akavuka kwenda kwa jirani. Wakhungu akakaa na aibu yake mpaka mchana. Kisha akaja mwingine, akamwambia vilevile, na huyu akageuka. Jioni alimweleza Nekesa habari hiyo. Yalikuwa maneno mengi kuliko aliyomwambia tangu watoke Kitale, na Nekesa aliyapokea bila tabasamu.

"Ni vizuri," akamjibu. "Lakini lile kofi bado hujalisema."

Ilimchukua Wakhungu siku kadhaa. Alilisema wakiwa shambani wakipalilia, ameshika jembe, akimtazama usoni. Nekesa alimsikiliza mpaka mwisho. Hakusema amesamehe. Alisema mstari ule wa mahindi haujaisha.

Mwaka 1998 wageni walikuja kumposa Nasimiyu. Walikuwa watu wa Webuye, wazee wenye makoti, wakiongozwa na baba mdogo wa kijana, mtu mnene mwenye maneno mengi. Viti viliwekwa chini ya paa la mabati mbele ya nyumba. Nasimiyu alikuwa amemwomba baba yake asiitaje habari ya masikio. Aliogopa watu watasema ni ugonjwa wa ukoo. Wakhungu alimwambia atafikiri. Wageni walipoketi, akasimama.

"Mimi ni kiziwi," akasema. "Kelele za mashine ziliniharibu. Anayetaka kuniambia kitu aniangalie. Nisichokipata, mama huyu atakirudia. Na nimemwambia arudie yote."

Wageni walikohoa. Mazungumzo yakaanza, polepole, Nekesa ameketi mkabala na mumewe akiyarudia maneno. Yalikwenda vizuri kwa muda. Kisha baba mdogo akamwinamia mwenzake, akasema chini chini, akifikiri sauti yake imeishia kwenye kola ya koti lake:

"Huyu tutamwambia chochote. Ataitikia tu."

Nekesa alisikia. Nasimiyu, aliyekuwa mlangoni na sinia ya chai, alisikia pia, akamtikisia mama yake kichwa. Nekesa akamgeukia mumewe, akalitamka lote, neno kwa neno, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia.

Chai ilikuwa bado haijamiminwa. Wakhungu akauliza, "Nani?" Nekesa akaonyesha kwa kidole.

"Nimeitikia vitu vingi ambavyo sikuvisikia," Wakhungu akamwambia yule mtu. "Mtu mmoja hana vidole kwa ajili ya hiyo. Sitaitikia tena. Nendeni nyumbani. Mkirudi, huyu asije."

Baba mdogo aliinuka akisema amedharauliwa, kwamba hajawahi kuona mwanamke anayechongea wageni. Makoti yakachukuliwa, viti vikasukumwa, na mzee mmoja akasahau fimbo yake kwa haraka. Walipotokomea barabarani, Nasimiyu aliitua sinia chini kwa kishindo, akaja akasimama mbele ya baba yake. Alisema mambo mengi. Alisema wamemfukuzia watu. Alisema utoto wake wote amekuwa tarishi kati ya watu wawili wanaoishi ua mmoja, kwamba wangeweza kunyamaza siku hii moja kwa ajili yake. Alilia akisema. Wakhungu alikaa ameukazia mdomo wake macho, na hakumkatiza hata mara moja.

Nasimiyu alipomaliza, Wakhungu akamgeukia Nekesa. "Hapo kwenye tarishi," akamwambia, "hebu rudia."

Nekesa akayarudia maneno hayo.

Wageni walirudi mwezi wa Desemba bila yule baba mdogo, wakapatana. Fimbo ya mzee walirudishiwa. Nasimiyu aliolewa Webuye na kwa miezi mingi hakuja Kanduyi. Alipokuja, alikuja kugombana na wazazi wake wote wawili, nao wakaweka viti vitatu uani, vikielekeana, wakaketi kumsikiliza.